Miti Niliyoipima Mnyambe

Tepu ile ninayo mpaka leo. Ni ya kitambaa kigumu, imezungushwa ndani ya kasha la ngozi, na inchi zake za mwanzo zimefutika kwa kushikwashikwa. Wajukuu huichezea wakipimana vichwa na matumbo, nami huwanyang'anya kwa ukali wasiouelewa. Mama yao husema babu amezeeka, ana hasira za bure. Hasira zangu si za bure. Zina mahali zilipoanzia, na tepu hiyo ilikuwapo.

Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza nilikuwa bwana shamba. Kituo changu kilikuwa Masasi, na eneo langu lilipanda mpaka juu Newala. Nilizaliwa Lupaso, katika nyumba ya Wakristo wa misheni. Babu yangu alibatizwa akiwa mtu mzima, baba alikuwa mwalimu wa dini, nami nikasomeshwa mpaka nikaweza kuandika Kiingereza kisichochekesha. Sisemi haya kwa kujisifu. Nataka ijulikane kwamba mtu aliyefanya upumbavu ninaousimulia hakuwa mgeni aliyeshuka melini juzi. Alikuwa mtoto wa huku huku, aliyekuzwa kwa mihogo na ming'oko, viazi vya porini, na aliyepanda mkorosho wake wa kwanza kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka na baiskeli nikiwaambia watu wasichome mashamba ovyo na wapande mikorosho kwa nafasi. Somo nililolipenda zaidi lilikuwa la mbegu. Tia mbegu tatu katika shimo moja, nilikuwa nasema, zikiota ng'oa miche miwili, acha mmoja wenye nguvu. Watu walinisikiliza kwa adabu, wakasema ndiyo, Bwana Shamba, na mimi nikapanda baiskeli nikaondoka nikiamini kwamba ndiyo maana yake ni ndiyo.

Siku moja ikafika ofisini barua kutoka baraza la upande wa Mnyambe. Kulikuwa na kesi ya madai, na hakimu wa baraza alitaka ripoti ya mtaalamu wa miti.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kwetu, tuwe Wamakonde, Wamakua au Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwanamume akioa huhamia kwa mkewe. Atalima huko, atapanda huko, atazaa huko. Akifa, wanaomrithi si wanawe bali wapwa zake, watoto wa dada yake. Ardhi haiendi popote, ni ya ukoo wa mke. Lakini mti una mwenyewe, naye ni yule aliyeupanda. Alioupanda mume, wapwa zake wataufuata. Alioupanda mke ni wa mke. Zamani jambo hilo halikuleta ugomvi, maana nani angetembea toka kijiji hiki mpaka kile kugombea mti? Mkorosho ndio ulioleta mambo, kwa sababu unakaa miaka mingi, na kila msimu Mhindi anakuja na lori kuchukua zao lake.

Mnyambe alikuwa amefariki bwana mmoja, akaacha mjane na mikorosho arobaini na miwili nyuma ya nyumba. Mpwa wake akaja kutoka Mkunya akasema mikorosho yote aliipanda mjomba, zamani, kabla ya vita. Mjane akasema si kweli, aliipanda yeye peke yake wakati mumewe amechukuliwa jeshini. Mashahidi wa mjane walikuwa ndugu zake. Mashahidi wa mpwa walikuwa ndugu zake pia. Hakimu akachoka na ndugu, akaona njia ni moja tu, miti itafutiwe umri. Ikiwa na miaka kumi na mitatu hivi, mjane amesema kweli. Ikiwa na kumi na minane, mpwa amesema kweli.

Bwana Mkubwa wetu pale ofisini, Mwingereza mrefu mwenye goti bovu, aliifurahia barua ile kupita kiasi. Aliniita, akafungua droo, akatoa jedwali lililopigwa chapa. Upande mmoja palikuwa na unene wa shina kwa inchi, upande wa pili palikuwa na umri wa mkorosho kwa miaka. Lilitengenezwa pwani, katika shamba la serikali, kwenye mikorosho iliyopandwa kwa mstari na kupaliliwa na vibarua.

"Utapima kila shina kwenye kimo cha kifua," akaniambia. "Utaandika, utarudi. Usiongee na upande wowote. Usile kwao, usinywe kwao. Mtaalamu akila kwa mtu, ripoti yake ni takataka. Watu husema uongo. Mti hausemi uongo."

Niliona maneno hayo ni hekima tupu, na njiani niliyarudia kwa sauti. Kama ningekuwa na akili ningejiuliza mti unamwambia nini mtu asiyejua kuusikiliza. Lakini nilikuwa na soksi ndefu na kalamu mbili mfukoni, na mtu mwenye kalamu mbili hajiulizi maswali ya namna hiyo.

Nililala Newala, asubuhi nikasukuma baiskeli kwenye mchanga mpaka Mnyambe. Mjane alikuwa amesimama mlangoni, mama wa umri wa mama yangu, mwembamba, shingo imenyooka kama za wanawake wote waliobeba maji tangu utoto. Mpwa wa marehemu alikuwa amefika mapema, amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, ameweka kofia gotini.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali. Kunywa maji kwanza."

Asiyeijua nchi ya juu kule hawezi kuelewa maneno hayo, kwa hiyo nitaeleza. Huko juu hakuna mto wala kisima. Siku zile mabomba yalikuwa hayajafika Mnyambe. Maji yalikuwa bondeni, chini kabisa, na wanawake walishuka alfajiri na kupanda mlima jua likiwa kali, mtungi kichwani. Mtoto aliyemwaga maji alichapwa kwa kosa kubwa. Kumpa mgeni maji kulizidi kumchinjia kuku. Mama yule aliyaleta kwenye kata, yamejaa mpaka ukingoni, ameishika kwa mikono miwili.

"Ahsante, Mama. Sinywi."

"Umefunga?"

"Sijafunga. Ni sheria ya kazi. Siruhusiwi kupokea kitu."

Akaitazama kata, kisha akanitazama mimi. "Maji nayo rushwa?"

Yule mpwa akacheka. Mjane akarudi ndani na kuyarudisha maji mtungini polepole, asimwage hata tone. Nilisikia aibu, na kwa kuwa nilikuwa kijana na mwenye cheo, nikaigeuza aibu kuwa ukali. Nikatoa tepu nikaanza kazi.

Nilipima asubuhi yote. Mikorosho ilikuwa minene, mizuri, imefunga kivuli. Chini ya kila shina niliona vigae vya mitungi. Vingine vilikuwa vimelala juu ya mchanga, vingine vimemezwa na gamba la mti, vimebaki vinachungulia. Vilikuwa vipande vya shingo ya mtungi, vyenye ile michoro ya mistari ambayo wafinyanzi wa kule huichora kabla udongo haujakauka. Niliandika kwenye daftari: vigae vya shingo za mitungi, kila shina. Nilitaka sana kujua kwa nini. Mjane alikuwa ananifuata nyuma, hatua nne tano, mikono kifuani.

Tulipofika kwenye mti wa kumi hivi akasema, "Mwanangu, mbona huulizi kitu?"

"Siruhusiwi, Mama."

"Basi nikwambie bila kuuliza."

"Hapana, Mama, tafadhali. Maneno yote ni ya barazani."

"Barazani nimesema. Wamesema hawataki kunisikia mimi, wanataka kuusikia mti."

Nilipiga hatua nikazungusha tepu kwenye mti wa kumi na moja. Yeye alikaa chini pale pale alipokuwa, hakunifuata tena. Mpwa wa marehemu ndiye aliyenisindikiza mpaka mti wa mwisho, akinishikia ncha ya tepu, mpole kweli kweli, hajasema neno moja. Baadaye nilikuja kutambua kwamba alijua kila kitu. Hakuna mtu wa kule asiyejua. Alinyamaza tu akaniacha nijichimbie shimo.

Nikarudi Masasi, nikafungua jedwali. Mti wa kwanza miaka kumi na saba. Wa pili kumi na minane. Wa tatu kumi na tisa. Karibu yote ikaangukia hapo. Nakiri kwamba nilifurahi. Sikufurahia mjane kushindwa, hapana, nilifurahia namba kukubaliana. Niliandika kurasa mbili za Kiingereza safi: miti hii ina umri wa miaka kumi na minane, kwa hiyo ilipandwa kabla ya vita. Mwishoni nikatia sentensi moja kuhusu vigae.

Bwana Mkubwa akaikata kwa kalamu nyekundu. "Tumeulizwa miti," akasema. "Hatukuulizwa vyombo vya jikoni." Kisha akanipa mkono. Akasema ripoti ile ingeweza kusomwa hata mahakama kuu, na kwamba vijana wa aina yangu ndio watakaoijenga nchi hii. Nilivikwa kilemba cha ukoka nikakipokea kwa mikono miwili, nikatembea nacho wiki nzima.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Lupaso kumwona mama. Tulikuwa tumetoka kanisani, amekaa uani anapepeta choroko, nami nikamsimulia kazi yangu kubwa. Nilimwambia habari za jedwali, za Bwana Mkubwa kunipa mkono. Alikuwa anaitikia tu huku ungo unacheza. Nikataja vigae ili kunogesha hadithi.

Ungo ukasimama.

"Vigae vya wapi? Vya tumbo la mtungi au vya shingo?"

"Vya shingo."

"Kila mti?"

"Kila mti."

"Na wewe ukazungusha kamba yako kwa nje, ukaenda zako?"

Mama yangu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alivyokuwa anakasirika zaidi ndivyo sauti ilivyozidi kushuka, na siku ile ilishuka mpaka ikabidi niiname kumsikia. Akaniambia mambo ambayo nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu nilipokuwa mdogo, nyuma ya nyumba ile ile, nikayasahau shuleni.

Mtungi ukivunjika njia ya bondeni, mwanamke hautupi wote. Shingo huwa imebaki nzima, huileta shambani na kuifukia nusu. Ndani yake hutia mbegu tatu za korosho. Shingo ile huzuia mbuzi, na maji ya kunawa na ya kuoshea vyombo humwagwa humo yasipotee ardhini. Asiye na shingo ya kutosha huomba kwa wenzake, na wanawake wa kijiji kizima huwekeana. Zikiota mbili, zikiota tatu, hapana anayeng'oa. "Mche ulioumwagia maji uliyoyabeba kichwani, utaung'oaje?" Miche hukua imebanwa pamoja ndani ya shingo ya mtungi, inanenepa, inashikana, mpaka siku inaupasua udongo ule, na wakati huo imekwisha kuwa shina moja.

"Umepima watoto watatu waliokumbatiana," mama akasema, "ukaandika kwamba ni mzee mmoja."

Akauweka ungo chini.

"Na jambo jingine. Umewahi kumwona mwanamume anapanda kwenye shingo ya mtungi? Angechekwa mpaka Ruvuma. Kazi ile ni ya wanawake. Vigae vile peke yake vilitosha kumaliza kesi." Akauchukua ungo wake. "Nilikupeleka shule ukajifunze. Sikukupeleka ukasahau."

Sentensi iliyokatwa kwa kalamu nyekundu ilikuwa ndiyo kesi yenyewe. Na mimi, mwenye somo la mbegu tatu, mimi niliyewaambia watu kila mwaka wang'oe miche miwili, nilipima mashina yale kwa imani kwamba wamening'olea. Mtu anaweza kudanganywa na wengine akasamehewa. Mimi nilijidanganya kwa mahubiri yangu mwenyewe.

Jumatatu asubuhi nilimngoja Bwana Mkubwa kwenye ngazi za ofisi. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo sitamnyima.

"Nani amekuambia haya?"

"Mama yangu, Bwana."

"Mama yako ni mtaalamu?"

Nilimwambia tukate mti mmoja. Tukiukata tutaona ndani mioyo mitatu badala ya mmoja, hapatakuwa na ubishi. Akasema mti ulio katika kesi haukatwi. Nikamwambia basi tuandike barua, tuseme ripoti isubiri. Akasema ripoti imekwisha kufika barazani, na tukisema jedwali limekosea Mnyambe, kesho kila mtu atasema limekosea kwake. "Utakwenda," akasema. "Utathibitisha sahihi yako. Utarudi."

Nilikuwa na mke na mtoto mchanga na nyumba ya serikali yenye bati. Niliogopa. Nimetafuta neno zuri zaidi miaka yote hii na sikulipata, niliogopa tu.

Siku ya kesi ukumbi wa baraza ulijaa, wengine wamesimama madirishani. Ripoti ilisomwa na karani kwa Kiswahili, polepole, kila inchi na kila mwaka. Watu waliguna kwa heshima. Hakimu akaniuliza kama sahihi ile ni yangu.

"Ndiyo, ni yangu."

Akaniuliza kama nilipima mwenyewe. Nikasema ndiyo. Kisha, kama ilivyo desturi, akamwuliza mjane kama ana swali kwa shahidi. Mjane akasimama. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

"Mwanangu," akasema, "wewe umezaliwa huku kwetu. Mama yako alikuwa akipanda mbegu ngapi katika shimo moja?"

Mpwa wa marehemu alikuwa anatazama kofia yake. Jibu nilikuwa nalo mdomoni, nililipata siku chache tu zilizopita, kutoka kwa mama yangu mwenyewe. Tatu. Neno moja, silabi mbili. Hakimu angeuliza kwa nini, ningeeleza, na yote yangefunguka.

"Hilo halimo katika ripoti," nikasema.

Nimewahi kuugua, nimewahi kuzika, nimewahi kuvuliwa cheo baadaye kwa mambo mengine. Hakuna kitu ninachokichukia katika maisha yangu kuliko sauti yangu ilivyokuwa safi niliposema maneno yale. Mjane alinitazama kidogo, akakaa. Hakimu akaamua kwamba mikorosho yote arobaini na miwili ni ya mpwa wa marehemu. Mjane abaki na nyumba na mihogo yake, wala asiokote korosho hata moja iliyoanguka.

Mambo yangeishia hapo, na hasira yangu ingekuwa ya kawaida tu ya mtu aliyekosea. Lakini miezi michache baadaye, muda wa kukata rufani ukiwa umepita, ilikuja barua nyingine kutoka baraza lile lile. Mjane alikuwa ameshika shoka mchana kweupe, mbele ya watu, akaukata mkorosho mmoja mpaka chini. Mpwa amemshitaki kwa kuharibu mali yake. Baraza linaomba ripoti ya mtaalamu kuhusu mti uliokatwa.

Bwana Mkubwa alikuwa amekwenda Ulaya kwa likizo. Hapakuwa na kalamu nyekundu.

Nilikwenda Mnyambe bila jedwali. Mjane alikuwa amekaa kando ya kisiki akikata majani ya kisamvu. Nikasema shikamoo, akaitikia, hakunikaribisha maji. Gogo lilikuwa bado limelala pale. Kisiki kilikuwa kimesafishwa juu kwa panga, kikalainika. Ndani ya gamba moja palikuwa na mioyo mitatu, kila mmoja na duara zake, na mahali zilipokutana mti ulikuwa umebana mistari myeusi. Katikati ya mistari hiyo kulikuwa na kipande cha kigae.

"Nimeukata ili uone," akasema. "Masikio yako hayana kazi, lakini macho unayo. Sasa andika."

Nikamwambia, "Mama, nisamehe."

"Andika," akasema. "Msamaha tutazungumza baadaye."

Niliandika usiku na mchana. Niliandika vigae, niliandika shingo za mitungi, niliandika kwamba kazi ile ni ya wanawake, kwamba ripoti yangu ya kwanza ilikuwa na makosa na makosa ni yangu. Nilichora kisiki kwa mkono wangu. Na juu ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, nikaandika kwamba kilichokatwa si mti mmoja mzee bali ni miti mitatu michanga iliyoungana. Nikatia sahihi, nikaipeleka mwenyewe barazani bila kumwonyesha mtu ofisini. Nilijiona shujaa. Kwa siku kadhaa nilitembea mwepesi, nikidhani nimelipa.

Siku ya kesi karani akaisoma ripoti yote. Mjane aliketi wima, ametazama mbele, na karani alipofika kwenye maneno ya shingo za mitungi nikaona mabega yake yanashuka kidogo, kama mtu aliyetuliwa mtungi kichwani. Karani alipomaliza nikasimama bila kuulizwa.

"Mheshimiwa," nikasema, "kwa ushahidi huu hukumu ya kwanza haisimami. Miti ile ni ya mama huyu."

Hakimu hakukasirika. Alikuwa mtu mstaarabu, wala sina ugomvi na ustaarabu wake. Akasema kesi ya kwanza ilikwisha, na muda wa rufani umepita. Aliyekuwa na neno alipaswa kulisema siku ile alipoulizwa. Aliponitazama nilijua anakumbuka swali la mjane na jibu langu.

"Leo baraza lina swali moja tu," akasema. "Miti ya mlalamikaji iliyoharibiwa ni mingapi?" Akaichukua karatasi yangu, akaisogeza karibu na macho. "Mlalamikaji amedai mbuzi mmoja kwa mti mmoja. Lakini tunaye mtaalamu wa serikali, amepima, amechora, ametia sahihi. Anasema ni mitatu. Baraza haliwezi kuwa na elimu kumzidi mtaalamu." Akaamuru mjane amlipe mpwa wa marehemu mbuzi watatu.

Mjane alikuwa na mbuzi wawili. Watu wote mle ndani walijua kwamba ana wawili.

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo na nikakuta kwamba hakuna uongo wa kukanusha. Kila neno lililomhukumu lilikuwa langu, na lilikuwa kweli. Mara ya kwanza nilimnyang'anya miti kwa uongo, mara ya pili nikamnyang'anya mbuzi kwa ukweli, na mara zote mbili nilikuwa na sahihi nzuri. Hasira iliyonipanda pale haijapata mahali pa kutua mpaka leo. Nimeitua juu ya Mwingereza, juu ya hakimu, juu ya mpwa na kofia yake, nayo huondoka kwao wote ikarudi kwangu.

Watu walipotoka nilisimama nje ya mlango, karibu na ngazi, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine na sikutaka kukimbia mara ya pili. Akaja, amejitanda khanga, kaka yake nyuma anahesabu kwa vidole ni nani katika ukoo atakayetoa mbuzi wa tatu. Nikainama.

"Shikamoo, Mama."

Akasimama. Akanitazama usoni kwa muda, bila chuki, jinsi mtu anavyotazama mtungi wa dukani kuona kama una ufa.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Safari hii umehesabu vizuri."